Jino likibaki uwanjani, nani ataziba pengo?

MPANDA. Kiangazi kikishika Katavi, viwanja vya Majengo na mitaa jirani ya Manispaa ya Mpanda hukauka hadi vikawa kama sakafu ya saruji. Mpira ukidunda unapanda juu ya vichwa. Watu wawili wanauruka, mmoja ametanguliza paji la uso, mwenzake ametanguliza kiwiko. Filimbi inalia. Aliyepigwa anainuka, anatema mate mekundu, anapapasa kwa ulimi na kukuta mahali ambapo dakika moja iliyopita palikuwa na jino.

Mara nyingi hadithi inaishia hapo. Anasukutua kwa maji ya chupa, anarudi kukaba, jioni anataniwa kijiweni, na wiki ikiisha jina la utani limeshampata: Mapengo. Jino lenyewe limebaki kwenye vumbi, halina hata aliyeliulizia.

Kwenye kurasa za michezo neno pengo tumelizoea kwa maana nyingine. Beki wa kati akiumia goti, swali la kwanza la shabiki ni nani ataziba pengo lake. Kocha anaweza kumpandisha kijana wa akiba, anaweza kuchukua mchezaji wa mkopo, au anaweza kusajili mtu wa mkataba mrefu. Mdomoni nako majibu yapo matatu, na linalozungumzwa sana siku hizi ni jino la kupandikiza: skrubu ndogo inayowekwa ndani ya mfupa wa taya, kisha jino jipya likafungwa juu yake.

Kwa watu wengi hilo ndilo jibu lililo karibu zaidi na jino la Mungu. Ila halifanyiki kwa siku moja, halifanyiki kwa kila mtu, na kufanikiwa kwake kunategemea sana yale unayoyafanya kuanzia siku ile ile jino linapotoka. Ndiyo maana habari hii inamhusu mchezaji wa ndondo wa Majengo kama inavyomhusu staa wa Ulaya.

Mabingwa wenye mapengo

Wazee wanaofuatilia soka la Uingereza wanamkumbuka Nobby Stiles. Tarehe 30 Julai 1966, England walipoifunga Ujerumani Magharibi 4-2 pale Wembley na kutwaa Kombe la Dunia, kiungo huyo mkabaji alicheza ngoma uwanjani, kombe mkono mmoja, meno yake ya bandia mkono wa pili. Stiles alikuwa akiyavua kabla ya mechi. Picha ya bingwa wa dunia anayecheka bila meno ya mbele imebaki kuwa moja ya picha kubwa za soka la nchi ile.

Kisha kuna Joe Jordan, mshambuliaji wa Scotland aliyefunga kwenye Kombe la Dunia mara tatu mfululizo: 1974, 1978 na 1982. Akiwa bado kijana wa Leeds United, alipigwa teke la uso katika mechi ya kikosi cha akiba akapoteza meno mawili ya mbele. Uwanjani alicheza bila kuyaziba, na mabeki walimwogopa kabla hata hajagusa mpira. Alipohamia AC Milan, Waitaliano walimwita Papa, yule samaki wa baharini.

Hadithi hizo tunazisimulia kwa kicheko, lakini tuangalie vizuri. Stiles na Jordan walikuwa na klabu kubwa nyuma yao, madaktari, na meno ya bandia ya kuvaa wakitoka uwanjani. Kijana anayecheza kombe la mbuzi akitegemea bodaboda kupata mkate wake hana hayo. Kwake pengo la mbele linakwenda naye kwenye usaili wa kazi, ukweni, na kwenye picha ya leseni. Pengo la nyuma halionekani, lakini linampa shida kila anapotafuna mahindi ya kuchoma.

Pia si kiwiko peke yake kinachong'oa meno. Mwaka 2015 wataalamu wa University College London walichapisha matokeo ya kukagua vinywa vya wachezaji 187 wa klabu 8 za kulipwa za England na Wales. Asilimia 37 walikuwa na meno yaliyooza yanayohitaji tiba, na asilimia 53 meno yao yalikuwa yamelika kwa asidi. Karibu nusu, asilimia 45, walisema hali ya vinywa vyao inawasumbua, na asilimia 7 walikiri kwamba inaathiri mazoezi au mechi zao. Hao ni watu wanaolipwa kutunza miili yao. Soda, juisi za kuongeza nguvu na kinywaji chenye sukari kila baada ya mazoezi vinafanya kazi yake polepole, hapa kwetu kama kule kwao.

Nusu saa ya kwanza

Kabla ya kuzungumzia kupandikiza, kuna jambo ambalo kila kapteni, kila kocha na kila mwamuzi wa mtaani anapaswa kulijua kwa moyo. Jino la utu uzima lililong'oka zima, na mzizi wake, linaweza kurudishwa mahali pake na likashika tena. Muda ndio kila kitu. Ndani ya nusu saa nafasi ni nzuri. Likikaa kavu zaidi ya saa moja, nafasi inashuka sana.

Lishikwe sehemu nyeupe ya kutafunia, usiguse mzizi. Kama lina vumbi, limwagie maji safi au maziwa kwa sekunde chache tu. Usilisugue, usilifute kwa jezi, usilipake dawa yoyote. Kama mchezaji ana fahamu zake kamili, lirudishe kwenye tundu lake likiangalia upande ule lilivyokuwa, kisha ang'ate kitambaa safi kwa upole na safari ya hospitali ianze hapo hapo.

Ikishindikana kulirudisha, liwekwe kwenye maziwa freshi. Si mtindi, si soda. Maji ya kawaida nayo hayafai kulihifadhia, kwa sababu yanaua chembe hai zilizoshika mzizi, na hizo ndizo zinazolifanya jino lishike tena. Maziwa yakikosekana, mchezaji ateme mate yake kwenye kikombe safi na jino liwekwe humo. Jino la utoto halirudishwi, maana linaweza kuharibu la ukubwani linalokuja chini yake.

Hospitalini daktari atalifunga jino kwa waya mwembamba pamoja na majirani zake kwa wiki mbili hivi, atapanga tiba ya mzizi na ataangalia kama unahitaji sindano ya pepopunda. Kama jino halionekani kabisa, mwambie. Linaweza kuwa limezama kwenye ufizi, na mara chache limevutwa kwenye njia ya hewa. Na kama mchezaji alizimia hata kwa sekunde chache, au anatapika na kuchanganyikiwa, kichwa kinatangulia na jino linasubiri.

Maziwa ya nusu lita kwenye mfuko wa huduma ya kwanza yanagharimu kidogo sana ukilinganisha na jino jipya. Timu ngapi za mtaani zinayo?

Njia tatu za kuziba

Tuseme jino limepotea kweli, au lilioza hadi likang'olewa. Sasa ndipo usajili unapoanza.

Njia ya kwanza ni jino bandia la kuvaa na kuvua, ambalo kwa kawaida linashikwa na kipande cha plastiki ngumu kinacholala kwenye ufizi au kaakaa. Huyu ni mchezaji wa mkopo. Bei yake ni nafuu kuliko zote, linatengenezwa kwa muda mfupi, na linapatikana sehemu nyingi. Shida yake ni kwamba linaweza kucheza mdomoni, linahitaji kuvuliwa na kusafishwa, na halizuii mfupa ulio chini yake kupungua. Kwa mchezaji kuna sheria moja isiyo na mjadala: livue kabla ya mechi na mazoezi. Kifaa kidogo kinachochomoka katikati ya mgongano kinaweza kuziba koo. Stiles alijua alichokuwa akifanya.

Njia ya pili ni daraja. Meno mawili yanayopakana na pengo yanasagwa yawe membamba, kisha taji tatu zilizoungana zinafungwa juu yake, ya katikati ikielea juu ya pengo. Linakaa imara, halivuliwi, na linaweza kudumu miaka mingi. Lakini fikiria hesabu yake: ili kuziba nafasi ya mmoja, umewagusa wachezaji wawili wazima, na kilichosagwa hakirudi. Kama majirani hao tayari wana taji au wametobolewa sana, daraja lina mantiki. Kama ni wazima kabisa, uliza mara mbili. Lipo pia daraja jepesi linalogundishwa nyuma ya jino la jirani bila kulisaga kiasi hicho, na kwa kijana aliyepoteza jino moja la mbele linaweza kuwa jibu zuri la kusubiria.

Njia ya tatu ni kupandikiza. Hapa majirani hawaguswi. Skrubu inachukua nafasi ya mzizi, taji inachukua nafasi ya jino, na kati yao kuna kiunganishi kidogo. Taji mara nyingi ni ya kauri, inayolinganishwa rangi na meno yako mengine. Likishashika unatafuna mahindi, unapiga mswaki, unalala nalo, na asiyejua hawezi kujua.

Sungura wa Msweden

Wazo la kufunga chuma kwenye mfupa likakubalika lilianza kwa jambo ambalo halikutarajiwa. Mwaka 1952 nchini Sweden, mtafiti Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza jinsi damu inavyopita kwenye mfupa wa sungura. Alitumia kifaa kidogo kilichotengenezwa kwa titaniamu. Utafiti ulipoisha akataka kukichomoa akitumie tena. Kikagoma. Mfupa ulikuwa umekikumbatia kana kwamba ni sehemu yake.

Mtu mwingine angekasirika kwa kupoteza kifaa. Brånemark akajiuliza swali: kama mfupa unaipokea titaniamu hivi, kwa nini isitumike kushikilia meno? Mwaka 1965 alimwekea mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson, ambaye hakuwa na meno kwenye taya la chini. Larsson aliishi na vipandikizi hivyo hadi alipofariki mwaka 2006, zaidi ya miaka 40. Wenzake wengi walimpinga Brånemark kwa miaka, hadi mkutano wa Toronto wa mwaka 1982 ulipowafanya madaktari wa Amerika Kaskazini wauchukulie uzito ushahidi wake. Leo mamilioni ya watu duniani wanatafunia juu ya ugunduzi ule.

Tafiti za kufuatilia wagonjwa kwa miaka kumi zinaonyesha kuwa zaidi ya vipandikizi tisa kati ya kumi vinakuwa bado vipo mahali pake. Ni takwimu nzuri kuliko ya mpiga penalti yeyote unayemjua. Lakini hiyo ni kwa aliyepimwa vizuri, akafanyiwa na mtu anayejua, na akatunza.

Mapengo ya mila

Afrika Mashariki ina historia yake ya mapengo ya mbele. Kwa Wajaluo wa zamani, Wadinka na Wanuer, kung'olewa meno ya chini ya mbele kulikuwa alama ya kukua na ya kabila. Mwanamichezo anayejulikana zaidi kwa hilo ni Manute Bol, Mdinka wa mita 2.31 aliyeingia ligi ya kikapu ya NBA mwaka 1985 akiwa hana meno ya chini yaliyotolewa kwa mila.

Baadaye wakimbizi wengi wa Kidinka na Kinuer walihamia Nebraska, Marekani. Huko mila iliyokuwa fahari nyumbani ikageuka shida: kutamka baadhi ya sauti za Kiingereza, kung'ata chakula, kutabasamu mbele ya mwajiri. Baadhi yao walirudishiwa meno hayo kwa kupandikiziwa. Kilichoonekana kule ndicho anachokipata aliyepigwa kiwiko Majengo. Jino la mbele linabeba zaidi ya chakula. Linabeba maneno na ujasiri wa mtu.

Msimu mzima, si dirisha dogo

Anayedhani atakwenda Jumatatu na kurudi Ijumaa akiwa na jino jipya la kupandikiza ajiandae kisaikolojia. Hii ni ratiba ya msimu.

Kwanza ni vipimo. Daktari anakagua ufizi na meno yaliyobaki, anauliza magonjwa na dawa unazotumia, na anapiga picha za eksirei, ikiwezekana ile inayoonyesha taya kwa pande tatu. Anataka kujua mfupa uliobaki una urefu na upana gani, mishipa ya fahamu inapita wapi, na kwenye taya la juu, uwazi wa hewa ulio jirani na pua uko umbali gani.

Hapa ndipo kuchelewa kunapokugharimu. Mfupa wa taya unaishi kwa sababu ya jino. Jino likitoka, mfupa unaanza kupungua, na ndani ya mwaka mmoja sehemu hiyo inaweza kupoteza karibu nusu ya upana wake. Majirani nao wanaanza kuinamia pengo, na jino la juu yake linashuka kutafuta wa kugongana naye. Aliyekaa miaka mitano akisema "nitaliziba tu" anaweza kuambiwa mfupa hautoshi, unahitaji kuongezwa kwanza. Hiyo ni operesheni nyingine, bei nyingine, na miezi mingine ya kusubiri.

Mfupa ukitosha, skrubu inawekwa kwa ganzi ya sehemu, kama ile ya kung'olea jino. Unakuwa macho, unasikia mtetemo, husikii maumivu. Siku chache zinazofuata kuna uvimbe na kula uji na vyakula laini. Kisha kazi kubwa inaachiwa mfupa: miezi mitatu hivi kwenye taya la chini, na hadi sita kwenye taya la juu ambako mfupa ni laini zaidi. Ukishaishika skrubu, ndipo kiunganishi na taji vinafungwa. Kuna wagonjwa wanaowekewa jino la muda siku ile ile, lakini ni wale ambao mfupa wao unaruhusu, na huwa hawaruhusiwi kulitafunia kwa nguvu.

Kwa mchezaji swali ni lini atarudi uwanjani. Wiki ya kwanza sahau kukimbia, maana damu inaweza kuanza upya na mshono kuachia. Mechi za mgongano zinahitaji muda zaidi, na anayeamua ni daktari aliyekufanyia, si kocha anayehitaji pointi tatu. Skrubu ambayo haijashikwa na mfupa ikipigwa teke moja, inaweza kulegea na kazi yote ikaanza upya. Ndiyo maana wengi hupanga kufanya hivyo ligi ikimalizika.

Nani asubiri kwanza

Kijana wa timu ya chini ya miaka 17 hapandikizwi. Taya lake bado linakua, na skrubu haikui nalo, hivyo baada ya miaka jino hilo litaonekana limezama chini ya wenzake. Madaktari wengi husubiri ukuaji ukome, miaka 18 na zaidi, na kwa jino la mbele wengine husubiri hata zaidi ya hapo. Kwa sasa avae la kuvua au lile daraja jepesi la kugundisha.

Mvutaji sigara naye anaanza akiwa ameshafungwa bao moja. Moshi unapunguza damu kwenye ufizi, kidonda kinachelewa kupona, na vipandikizi vinafeli zaidi kwa wavutaji. Katavi ni mkoa unaolima tumbaku, na mkulima anajua thamani ya zao lake sokoni. Mdomoni thamani hiyo inageuka hasara. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa naye adhibiti sukari kwanza, na mwenye ufizi unaotoka damu kila akipiga mswaki atibiwe kwanza. Kupanda skrubu kwenye ufizi mgonjwa ni kumwingiza mchezaji mpya kwenye timu yenye mgogoro.

Na jino la kupandikiza halina kinga ya uzembe. Haliwezi kuoza, kwa kuwa ni chuma na kauri, lakini ufizi na mfupa unaolizunguka unaweza kushambuliwa na bakteria ukaliacha linaning'inia. Mswaki mara mbili kwa siku, kusafisha katikati ya meno, na ukaguzi wa daktari kila baada ya miezi kadhaa vinaendelea maisha yote.

Bei, umbali na maswali ya kuuliza

Tuje kwenye mfuko. Kupandikiza jino moja ni hesabu ya milioni. Bei inabadilika kulingana na skrubu inayotumika, kama mfupa unaongezwa, na nani anafanya. Kabla ya kuihesabu bima, nenda na kadi yako ukaulize kwa maandishi inalipa nini, maana kung'oa na kuziba jino ni jambo moja na kupandikiza ni jambo lingine.

Umbali nao ni gharama. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Katavi ipo hapa hapa Mpanda, na ndipo pa kuanzia: kutibu jeraha, kupigwa picha, kusafishwa ufizi na kupewa ushauri. Kwa kupandikiza mara nyingi itabidi kuangalia miji mikubwa, na Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapa. Safari hiyo si moja. Kuna ya vipimo, ya skrubu, ya taji na za ukaguzi. Anayepiga bajeti bila nauli na siku za kulala mjini ataishia nusu ya safari, na skrubu bila taji haitafuni chochote.

Ukifika, uliza bila aibu. Umesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika? Umeshapandikiza wangapi? Bei hii inajumuisha taji, au ni skrubu tu? Skrubu ikikataa kushika, nani analipia ya pili? Omba pia uandikiwe jina la kampuni na ukubwa wa skrubu, uhifadhi karatasi hiyo kama hati ya kiwanja. Miaka kumi baadaye kiunganishi kikilegea, daktari mwingine hawezi kukikaza vizuri bila kujua ni cha aina gani.

Na jihadhari na fundi anayekuahidi jino la kudumu kwa saa moja kwa bei ya kutupa, akiligundisha kwa gundi kwenye meno ya jirani. Chakula kinakwama chini yake, ufizi unavimba, na ukija kuling'oa linaweza kuondoka na majirani wawili. Umepoteza mmoja, sasa ni watatu. Kama uwezo wa kupandikiza haupo leo, jino la kuvua lililotengenezwa na mtaalamu ni heshima tosha. Wala halifungi mlango: unaweza kulivaa huku ukijipanga, ilimradi uutunze ufizi na usiache sigara ikuchelewesha.

Kinga ya meno kabla ya kipenga

Sheria za soka zinamlazimisha mchezaji kuvaa vikinga ugoko. Kuhusu meno hazimlazimishi, lakini hazimkatazi kuvaa kinga laini ya mdomoni kama ile ya mabondia, ilimradi isiwe ya hatari. Ile inayotengenezwa na daktari kwa kipimo cha mdomo wako inakaa vizuri zaidi na inakuruhusu kupumua na kuongea. Zile za dukani zinazolainishwa kwa maji ya moto kisha ukazing'ata hazilingani nayo, lakini ni bora kuliko mdomo mtupu.

Kwa aliyepandikizwa, kinga hiyo ni lazima. Jino la asili limeshikwa kwenye mfupa na nyuzi ndogo zinazopokea mshtuko, ndiyo maana likipigwa hutikisika kidogo. Skrubu haina nyuzi hizo. Ikipigwa, nguvu yote inaingia moja kwa moja kwenye mfupa.

Timu za mtaa huchangishana kununua jezi, mpira na nauli ya ugenini. Hapo hapo unaweza kuingia mfuko mdogo wa majeruhi, wa kumfikisha mwenzenu kwa daktari siku ile ile, si baada ya mwezi. Viongozi wa ligi za kata wanaweza kudai kila timu ije na boksi la huduma ya kwanza, kama wanavyodai ada ya usajili. Waamuzi nao wakikitazama kiwiko cha juu kwa jicho kali, kadi moja nyekundu inaweza kuokoa milioni kadhaa za mtu asiyekuwa nazo.

Leo jioni kutakuwa na mechi sehemu fulani Majengo. Mipira ya juu itapigwa, na viwiko vitakuwepo. Jino likidondoka, kabla hamjabishana ilikuwa faulo au siyo, mtu mmoja ainame alitafute, na mwingine akimbie dukani akalete maziwa.